Mtungi wa Gesi ya Drafti Upimwe kwa Mizani

Hoteli na baa za Posta, Dar es Salaam, zinazouza bia ya drafti zinategemea mtungi mdogo wa kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa, unaosimama chini ya kaunta au kwenye stoo ya nyuma. Gesi hiyo inasukuma bia kutoka kwenye kegi hadi bombani na kuilinda isichachuke wala kupoteza povu. Ikikatika Ijumaa jioni, mauzo yamesimama. Ndiyo maana mtungi hupelekwa mbio kujazwa, ukarudishwa mbio, na anayeupokea akatazama geji, akaona mshale umepanda, akasaini. Hapo ndipo wenye baa wengi wanapopunjwa, na mara nyingine hata aliyejaza hajui kwamba amepunja.

Geji ya mtungi wa oksijeni husema kweli, kwa sababu presha inashuka kadiri gesi inavyotumika. Kaboni dayoksaidi ina tabia nyingine. Ndani ya mtungi imeshindiliwa mpaka ikawa kimiminika, na juu yake kuna mvuke ambao presha yake hufuata joto. Penye nyuzi 20 geji itaonyesha baa 57 hivi, na penye nyuzi 30 karibu baa 72, mtungi uwe na kimiminika kingi au kidogo tu. Mshale ukianza kushuka, ujue kimiminika kimekwisha. Dar es Salaam mambo ni magumu zaidi: joto likipita nyuzi 31, kama inavyotokea mchana wa Januari hadi Machi, gesi hii haiwezi kuwa kimiminika hata ishindiliwe vipi, na mtungi uliotoka kukaa juani kwenye guta unaweza kuonyesha presha kubwa kuliko uliojaa vizuri na kutunzwa kivulini. Kinachobaki ni mizani. Begani mwa mtungi kumegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Upime, toa uzito huo, na jibu ndilo gesi uliyolipia. Kilo 5 kamili, kwenye mfumo usiovuja, zinatosha kusukuma kegi 15 hivi za lita 50, kwa hiyo pengo la kilo moja si dogo.

Pengo hilo halihitaji mwizi. Gesi yenyewe tunayo nchini: TOL Gases, kampuni ya kwanza kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, inaivuna kutoka ardhini kwenye maeneo ya volkano ya Rungwe, mkoani Mbeya. Tatizo liko kwenye kuihamisha. Fundi hugeuza mtungi mkubwa kichwa chini, au hutumia wenye bomba la ndani linalofika chini, kimiminika kikatiririka kuingia kwenye mtungi mdogo mpaka presha za pande mbili zilingane. Mtungi mdogo ukifika na joto la barabarani, presha hulingana mapema, mtiririko ukakoma nusu njia. Fundi anayejua kazi huupoza kwanza. Mwenye haraka hufunga vali na kuandika risiti.

Wapo watakaosema kupima kunachelewesha wateja. Lakini muuza gesi ya kupikia anatakiwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kuwa na mizani dukani, na foleni zinakwenda. Sioni kwa nini mtungi wa baa usipewe haki hiyohiyo. Wengine huomba waongezewe kidogo juu ya kipimo, wakidhani wamepata nyongeza. Hiyo ni hatari kweli. Kiwango kinachokubalika ni kama robo tatu ya kilo, au pungufu, kwa kila lita ya ujazo wa mtungi, kwa sababu gesi ikipata joto inahitaji nafasi ya kutanuka. Ikikosa nafasi, presha hupanda mpaka kizibo cha usalama kipasuke. Na anayesema gesi ni gesi, hata ya kuchomelea itafaa, akumbuke kwamba ya vinywaji husafishwa mafuta, unyevu na harufu, maana inagusana na kitu kinachonywewa.

Mizani ina faida nyingine, na mimi naiona kubwa kuliko fedha. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hivyo hutuama chini. Kandokando ya Goma, mashariki mwa Kongo, gesi ya namna hii inayotoka ardhini, watu huiita mazuku, imeua watu na mifugo kwenye mabonde yasiyo na upepo. Stoo ya mita tatu kwa tatu iliyofungwa mlango ni bonde la aina hiyo. Kilo 5 zikivuja zote humo zinatoa zaidi ya lita 2,500 za gesi, yaani kama asilimia 10 ya hewa ya chumba, kiwango cha kumwangusha mtu ndani ya dakika chache, ilhali kikomo cha kazini kwa saa nane ni nusu ya asilimia moja. Povu la sabuni kwenye maungio hufichua uvujaji ulioko nje ya mtungi, na tundu la hewa karibu na sakafu huokoa. Ila mtungi uliopimwa wakati wa kufunga ukapimwa tena asubuhi, kegi haijaguswa, ukawa umepungua gramu 300, unavuja, na mfanyakazi asiingie stoo hiyo kabla mlango haujaachwa wazi na hewa kupita.