Mwaka wa Kwanza wa Tanganyika Huru: Kweli au Si Kweli?

Kila Desemba 9 inapokaribia, habari ya Uhuru husimuliwa kwa pumzi moja: bendera ya Uingereza ikashuka, ya Tanganyika ikapanda, Mwalimu Nyerere akawa rais, nchi ikawa yetu. Usimulizi huo umemeza mwaka mzima. Kati ya Desemba 9, 1961 na Desemba 9, 1962, Tanganyika ilikuwa nchi huru ambayo mkuu wake wa dola bado alikuwa Malkia wa Uingereza. Kazi kubwa ilifanyika katika miezi hiyo, na walioifanya wanastahili kukumbukwa sawasawa. Tuzipime kauli saba zinazosikika mara kwa mara.

1. "Tanganyika ilikuwa koloni la Uingereza hadi 1961."

Si kweli. Koloni ilikuwa enzi za Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilikabidhiwa nchi hii kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 ikaitawala kama mdhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa mkulima aliyedaiwa kodi, tofauti hiyo haikuonekana kabisa. Hata hivyo ilimpa mnyonge mahali pa kushitakia. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kuwasemea Wameru waliofukuzwa kwenye ardhi yao, na mwaka 1955 Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya chama cha TANU.

2. "Nyerere alikuwa rais tangu siku ya Uhuru."

Si kweli. Alikuwa Waziri Mkuu. Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye mumewe, Prince Philip, alimwakilisha kwenye sherehe za Dar es Salaam, alibaki mkuu wa dola. Gavana wa mwisho, Sir Richard Turnbull, hakufungasha mizigo. Aliendelea kukaa nchini kama Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia. Urais ulianza mwaka mmoja baadaye, nchi ilipokuwa Jamhuri.

3. "Usiku wa Uhuru mwenge uliwashwa kileleni Kilimanjaro."

Kweli. Luteni Alexander Nyirenda ndiye aliyeupandisha, pamoja na bendera mpya. Mwalimu alikuwa ameinena ndoto hiyo mwaka 1959 ndani ya Baraza la Kutunga Sheria: mwanga juu ya mlima, uangaze hata nje ya mipaka, ulete tumaini pasipo na tumaini. Kutoka hotuba hadi kilele ilichukua miaka miwili.

4. "Baada ya Uhuru, vyombo vyote vya dola vilikuwa mikononi mwetu."

Si kweli. Nyirenda mwenyewe alikuwa mmoja wa maofisa Waafrika wachache katika jeshi lililoongozwa na Waingereza. Jina lilibadilika, King's African Rifles ikawa Tanganyika Rifles, lakini makamanda hawakubadilika, na suala hilo lilikuwa miongoni mwa madai ya askari walioasi Januari 1964. Shilingi iliyotumika sokoni ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki; sarafu yetu wenyewe ilikuja 1966. Maofisini nako, nafasi nyingi za juu zilishikwa na wageni, kwa sababu utawala wa Waingereza ulikuwa umesomesha Waafrika wachache mno. Chuo Kikuu kilifunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU. Bendera ilipanda usiku mmoja. Dola ilishikwa kipande kwa kipande.

5. "Mwalimu aliacha uwaziri mkuu wiki sita tu baada ya Uhuru."

Kweli, ingawa wengi husita kuamini. Januari 22, 1962 alijiuzulu, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Mwalimu alieleza kuwa TANU, iliyozoea kupigania uhuru, ilihitaji kufundishwa upya kazi ya kujenga nchi. Alibaki kiongozi wa chama, akazunguka mikoani, na mwaka huohuo akaandika kijitabu chake kuhusu Ujamaa. Huku nyuma Kawawa aliendesha serikali na kuharakisha kuwapa Waafrika madaraka. Historia yetu haijamlipa Kawawa deni la mwaka ule.

6. "Katika uchaguzi wa rais wa 1962 Nyerere hakuwa na mpinzani."

Si kweli. Alipambana na Zuberi Mtemvu wa African National Congress, mwanachama wa zamani wa TANU aliyejitenga mwaka 1958 akipinga uamuzi wa mkutano wa Tabora wa kukubali uchaguzi wa kura tatu, moja kwa mgombea wa kila rangi. Mtemvu alipata kura zaidi ya 21,000. Nyerere alizoa zaidi ya milioni 1.1. Ushindi ulikuwa mkubwa kupindukia, lakini wananchi walikuwa na majina mawili ya kuchagua. Jambo hilo halikujirudia katika uchaguzi wa rais hadi 1995.

7. "Mwaka ule wa kwanza ulimwongezea kila raia uhuru."

Nusu kweli. Nchi ilipata kiti Umoja wa Mataifa siku chache baada ya Uhuru, na Katiba ya Jamhuri ikaondoa mamlaka ya Malkia. Lakini mwaka huohuo zilipitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani na nyingine iliyobana haki ya kugoma, na Katiba hiyo haikuwa na sura ya haki za binadamu. Haki hizo ziliingia katika Katiba mwaka 1984.

Walimu wa historia, na wazazi tunaoulizwa maswali kila Desemba, tuwape watoto mwaka ule ukiwa kamili, pamoja na Turnbull, Kawawa, Mtemvu na zile sheria ngumu. Anayedhani uhuru ulikamilika kwa mlio wa mizinga atashangaa kila anapodaiwa kuulinda. Anayejua ulivyotafutwa baada ya sherehe, wizara kwa wizara na sheria kwa sheria, ataelewa kwamba yeye pia ana sehemu yake ya kazi.