Kiti cha Enzi Mbele ya Hadhira ya Buha

Mwaka 2022, katika muda usiotimia wiki mbili, kampuni mbili kubwa za Marekani ziliuletea ulimwengu hikaya mbili za wafalme, majoka na wachawi: tarehe 21 Agosti HBO ilianza kuonyesha House of the Dragon, na mwanzoni mwa Septemba Amazon ikafuatia na The Rings of Power, ambayo msimu wake wa kwanza peke yake ulikula kiasi cha dola milioni 465, mbali na zile milioni 250 hivi zilizotolewa mwaka 2017 kwa kununua haki ya kuisimulia. Mwaka huo huo umeme wa gridi ya Taifa ulifika Kasulu, mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukiangazwa na majenereta ya dizeli. Naziweka habari hizi bega kwa bega kwa sababu aghalabu rai za watazamaji zinapotajwa, zinazotajwa ni za London na New York, ilhali hikaya hizi hutazamwa na kuhukumiwa pia katika nyanda za juu za Kigoma, Tanzania, nchi ya Waha iitwayo Buha, na hukumu inayotolewa huko ina uzito ambao haujapata kupewa haki yake.

Si kila mtu wa Kibondo au Kasulu anayezipata hikaya hizi kwa njia waliyoikusudia wenye kuzitengeneza. Kijana mwenye kompyuta na laibrari ya muvi humtilia mteja sizoni nzima kwenye flashi kwa malipo madogo, naye mteja huenda nayo nyumbani au kwa mwenye kibanda umiza, kile chumba chenye mabenchi na televisheni moja, ambacho Jumamosi hujaa wapenzi wa mpira wa Ulaya na siku nyingine huishi kwa muvi. Jambo hili lina dosari yake mbele ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, wala sina nia ya kuificha. Lakini mwenye kutaka kujua watu wanafikiri nini hana budi kwenda pale watu walipo. Na pale walipo, mara nyingi, husikia sauti ya mfasiri juu ya sauti za waigizaji. Sanaa hiyo, ambayo marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliipa heshima kubwa Dar es Salaam, na ambayo DJ Afro ameipa jina nchini Kenya, haimfanyi mfasiri kuwa mtumwa wa maneno ya wengine: huongeza, hupunguza, humlaani dhalimu, humwonya mwema asiyejua kuwa amekwisha kuuzwa. Kwa hiyo mtazamaji wa kibandani hupokea hikaya ikiwa imekwisha kutolewa rai mara moja, naye huongeza ya kwake juu yake.

Kanuni ya kwanza ya kibanda umiza, ambayo kila mtoto aliyepata kuchungulia dirishani anaijua, ni kwamba steringi, yaani shujaa mkuu wa muvi, hafi. Kanuni hiyo ndiyo iliyovunjwa mwaka 2011 na Game of Thrones, hikaya ya HBO iliyoitangulia House of the Dragon, pale Ned Stark, waziri mkuu wa ufalme na mtu mwadilifu kupita wote, alipokatwa kichwa katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, ilhali mtazamaji alikuwa amekwisha kumkabidhi moyo wake. Ulimwenguni kote watu walistaajabu na kukasirika, na wapo wa Kasulu ambao mpaka leo huihesabu kuwa ni khiyana ya mtunzi kwa mtazamaji. Lakini wapo pia wanaosema kinyume, na rai yao ndiyo iliyonigusa zaidi: kwamba mambo ndivyo yalivyo, na kwamba mwema aliyezungukwa na wenye tamaa ya enzi hana dirii wala ngome.

Nao wanasema hivyo kwa sababu wanaishi kwenye mpaka wa nchi ambamo jambo hilo halikuwa hikaya. Tarehe 13 Oktoba 1961, Mwanamfalme Louis Rwagasore, waziri mkuu wa Burundi, alipigwa risasi kwa njama ya wapinzani wake wa siasa. Na Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa kwa kura miezi michache tu nyuma, aliuawa na askari wa jeshi la nchi yake mwenyewe, na baada ya damu hiyo maelfu kwa maelfu ya watu walivuka kuingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015, fitina ya madaraka ilipowaka tena Bujumbura, kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya. Hadhira iliyokua ikiyaona haya, au iliyowakaribisha walioyaona, haihitaji kuelezwa kwamba ugomvi wa wakubwa juu ya kiti kimoja huishia katika miguu ya wanyonge njiani. Nimesoma tahakiki nyingi za Game of Thrones zilizoandikwa na wajuzi wa mbali, zikisifu majoka na mavazi. Chache mno zimewaangalia wale wanavijiji wasio na jina ambao mashamba yao huchomwa kila jeshi linapopita, na ambao mtazamaji wa Buha huwaona kabla ya kumwona mfalme.

House of the Dragon imezusha mjadala mwingine. Humo Mfalme Viserys anamtangaza binti yake Rhaenyra kuwa mrithi, na wakuu wa nchi wanakula yamini mbele yake. Mfalme anapofariki, washauri wanaificha maiti mpaka watakapokwisha kumtawaza mtoto wa kiume, Aegon. Mahali pengi swali limekuwa kama mwanamke aweza kutawala. Kwa Kasulu swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani, maadam ufalme wa Heru, mmojawapo wa falme za Waha, ulitawaliwa na Mwami Theresa Ntare tangu miaka ya 1940, naye ndiye aliyeketi baadaye katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Wazee wanaokumbuka jina hilo hawaoni ajabu yoyote katika Rhaenyra kuwa mwanamke. Linalowachukiza ni yamini iliyovunjwa na maiti iliyofichwa, nami naona wamelishika jambo kwenye shina lake.

Juu ya The Rings of Power maneno ni machache. Ng'ambo watu waligombana kwa sababu Ismael Cruz Córdova na Sophia Nomvete, waigizaji wenye ngozi nyeusi, walipewa nafasi ya kuwa watu wa ngano za mwandishi Tolkien, hata Amazon ikalazimika kuzuia kwa saa 72 rai zilizotumwa kwake ili ichuje zilizojaa chuki. Ugomvi huo haukupata mnunuzi huku. Lawama ya hadhira yetu ni nyingine: kwamba safari ni ndefu na vita ni vichache, na kwamba fedha zote hizo zimetumika zaidi kupamba milima kuliko kumfanya mtu mmoja apendwe.

Mwisho wa Game of Thrones, uliotolewa tarehe 19 Mei 2019, uliwaudhi watazamaji wengi kiasi kwamba zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa mwisho utengenezwe upya. Daenerys aliyewakomboa watumwa anauteketeza mji uliokwisha kusalimu amri, na mabibi na mabwana wachache wanakutana kumchagua Bran, mwana wa Ned Stark, kuwa mfalme. Wengi hulalamikia haraka ya mabadiliko ya Daenerys, nami ni mmoja wao. Lakini katika mkutano ule kuna nukta ndogo ambayo wahakiki wa mbali huipita: Samwell Tarly anasimama na kushauri kwamba, kwa kuwa mfalme atawatawala watu wote, watu wote na wamchague, na wakuu wale wanaangua kicheko, mbwa na farasi wakitajwa kwa kejeli. Katika nchi ambayo utawala wa machifu ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1963, na ambayo majina ya falme za kale kama Muhambwe na Buyungu yamepata kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi, ambamo mkulima wa maharage hupanga foleni kumpigia kura mbunge wake, kicheko kile ni matusi, na kijana anayekitazama hubaki upande wa Samwell hata baada ya kiti kukaliwa.