KORONGO MWEUPE, MGENI WA MASIKA

Kila mwaka mvua zikiisha kuanza katika nchi ya Unyamwezi, yaani tangu mwezi wa Novemba hata Machi, huenda ukaonekana mbugani na katika mashamba yaliyolimwa msafara wa ndege wakubwa weupe, wenye mbawa nyeusi nchani, na mdomo na miguu ya rangi nyekundu. Hutembea polepole katika majani kama mtu atafutaye kitu alichokiangusha, na mara kwa mara huinama na kudonoa. Ndege huyu ni korongo mweupe. Jina la korongo hupewa ndege wengi wenye miguu mirefu, basi msomaji asimchanganye na yule mwingine mdogo, mweusi mwenye tumbo jeupe, ajaye majira yale yale. Yule hutaga katika nchi za Sudani na jirani zake. Huyu mweupe ana habari nyingine.

Mtu akimwuliza mzee wa Tabora kiota cha korongo mweupe ki wapi, huenda akajibiwa kwamba hajakiona maisha yake. Jibu hilo ni kweli, kwa maana ndege huyu hatagi hapa. Huja kula tu, kisha huenda zake.

Watu wa Ulaya nao walikuwa na swali kama hilo, ila wao waliuliza kinyume: korongo wetu huenda wapi wakati wa baridi? Wengine walisema hulala ndani ya matope, wengine walisema hugeuka kuwa mnyama mwingine. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz katika Ujerumani ya kaskazini, alipigwa risasi korongo mmoja ambaye shingoni mwake mlikuwa na mshale uliopenya upande huu hata upande huu, nao urefu wake ulikuwa kama sentimita 80. Wenye maarifa walipoutazama waliona kuwa umetengenezwa Afrika. Ndege yule aliponea kwa wawindaji wa huku, akaruka na mshale wake mpaka kwao. Mwili wake ulikaushwa, na umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Baadaye, mwaka 1899, mwalimu mmoja wa Denmark, jina lake Mortensen, alianza kuwavika ndege pete nyepesi za aluminiamu zenye namba. Kazi hiyo ikaenea, na pete za korongo zilizookotwa Afrika zikathibitisha safari yao.

Safari hiyo yafanana sana na safari za zamani za wapagazi wa Kinyamwezi. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hata Tabora, kisha ikavuka Mto Malagarasi hata Ujiji. Wapagazi hawakufuata njia iliyonyoka, bali walifuata maji na chakula. Na wengi walishuka pwani wakati wa kiangazi, wakarudi kwao ili wawahi kulima. Korongo naye hafuati njia iliyonyoka. Mbawa zake ni pana, na kuzipigapiga kwa muda mrefu kwamchosha. Kwa hiyo hungoja jua lipashe nchi moto, akapanda juu kwa hewa ya moto ipandayo, kisha akateleza mbele bila kuzipiga. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi vizuri, basi huizunguka bahari. Wale wa Ulaya ya mashariki hupita Istanbul, Shamu, Sinai, na bonde la Nile, ndipo hufika kwetu, na wengine huendelea mpaka Afrika ya Kusini. Toka huko kwao hata Tabora ni mwendo wa zaidi ya maili 3,500.

Sasa tutazame kwao. Katika nchi ya Kroatia kuna mto uitwao Sava, na kando yake kijiji cha Čigoč, ambacho mwaka 1994 kilipewa heshima ya kuitwa kijiji cha kwanza cha korongo katika Ulaya. Mto ule hufurika na kuyajaza maji malisho ya bondeni, kama Malagarasi ufanyavyo masika, na maji yakipungua huacha vyura, samaki wadogo, minyoo na wadudu wengi. Hiyo ndiyo sababu korongo wanapenda mahali hapo, kwa kuwa hawezi kulea watoto mbali na chakula.

Korongo hurudi Ulaya mwezi wa Machi na Aprili. Kwa kawaida dume hutangulia, akakishika kiota cha mwaka uliopita, akakitengeneza. Kiota hujengwa kwa vijiti juu ya paa la nyumba, juu ya mti au nguzo, na kila mwaka huongezwa. Viota vikongwe hufikia uzito wa kilo 500, yaani kama mizigo 15 ya wapagazi wa zamani. Jike akifika, wote wawili hurudisha vichwa nyuma na kugonganisha midomo yao kwa kelele, kwa kuwa korongo hana sauti ya kulia kama ndege wengine.

Jike hutaga mayai meupe, mara nyingi 4, na kila moja ni kubwa kama mayai 2 ya kuku. Huatamia kwa zamu, baba na mama, kwa muda wa siku 33 au 34. Kwa kuwa huanza kuatamia kabla mayai yote hayajatagwa, makinda hawaanguliwi siku moja, na yule wa mwisho huwa mdogo kuliko nduguze. Wazazi hucheua chakula katikati ya kiota, na kila kinda hujiokotea. Chakula kikiwa kingi, wote hushiba. Kikipungua, yule mdogo hufa njaa, na pengine mzazi mwenyewe humwua. Jambo hilo laonekana la ukatili, lakini ndiyo njia ya kuwaokoa waliobaki. Siku za jua kali wazazi huwaletea maji mdomoni. Mvua ya baridi ndiyo adui mkubwa, maana kinda aliyekwisha kuwa mkubwa hawezi kufunikwa na mama, na manyoya yake bado hayazuii maji. Makinda huruka wakiwa na umri wa miezi 2, na mwezi wa Agosti huanza safari. Hawatataga mpaka wapate kama miaka 4.

Huenda mtu akasema, mambo hayo ya Ulaya yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, korongo aliyekula vizuri Afrika hurudi mapema na mwenye nguvu, akapata kiota chema. Aliyekosa chakula huchelewa, na pengine hatagi kabisa mwaka ule. Basi idadi ya makinda wa Čigoč huanzia katika mbuga zetu.

Pili, chakula chake huku ni nzige, panzi na viwavijeshi, adui wa mkulima. Wazee walikumbuka nzige wekundu walioharibu mashamba ya Afrika ya Mashariki na ya Kusini kuanzia mwaka 1930 hata 1944. Mbuga za Wembere, Malagarasi na Rukwa zimo katika mahali panapojulikana kuwa chimbuko la nzige hao. Korongo peke yake hawezi kulimaliza jeshi la nzige lililokwisha kuruka. Lakini wakiwa bado wachache, kila kundi la ndege lipunguzalo idadi yao ni msaada usiolipwa mshahara.

Ubaya ni kwamba sumu nyingine zinazomwua nzige humdhuru na ndege amlaye. Kwa hiyo ilikuwa habari njema mwaka 2009, nzige wekundu walipozidi katika Iku-Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi, ilipotumiwa kwa ndege za angani dawa iliyofanywa kwa kuvu liuwalo nzige, nalo halidhuru ndege. Eneo lililonyunyiziwa lilikuwa kama hekta 10,000, na mashamba yaliokoka.

Basi walimu wawaonyeshe watoto ndege hawa, wala wasiwaache wawapige kwa manati. Mkulima anyunyiziaye dawa shambani afuate kipimo alichoambiwa, asizidishe. Na mtu akiokota korongo aliyekufa mwenye pete mguuni, aandike namba na maneno yote yaliyomo, na siku na mahali alipomwona, ampelekee afisa wa wanyama pori. Kwa maana kuna mtu mbali anayengoja habari za ndege huyo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu haombi chakula chetu. Hula kile ambacho kingekula chakula chetu.