Kutoka Lubumbashi, Dar ni karibu kuliko Kinshasa

Mama mmoja anayeuza vitenge pale Kasumbalesa alinionyesha tiketi yake ya ndege. Kuondoka Lubumbashi saa nne asubuhi, kufika Kinshasa saa tano na nusu. Akasema kumbe mji mkuu uko jirani tu, mwendo wa saa moja na nusu. Nikamwambia, "Mama, hapo kuna saa moja imejificha."

Kongo haitumii saa moja nchi nzima. Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Kwa hiyo mama yule atakaa angani saa mbili na nusu, ila akishuka saa za ukutani zitakuwa zimerudi nyuma. Wakati wa kurudi deni hulipwa: akiondoka Kinshasa saa nne atatua Lubumbashi saa saba na nusu mchana, ofisi nyingi zikikaribia kufunga hesabu za siku.

Kwa mstari ulionyooka, viwanja hivyo viwili vimeachana kwa kilomita 1,550 hivi. Ndege kubwa ikishapanda hukimbia kilomita 800 kwa saa, lakini kupaa na kushuka hufanyika kwa mwendo mdogo, na ndipo nusu saa inapoongezeka. Uwanja wa N'djili nao uko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya Kinshasa, na foleni ya barabara ya Lumumba inaweza kumeza muda kuliko ndege yenyewe. Ndugu waliorejea kutoka Zambia, ambao bado wanafuatilia karatasi zao makao makuu, wasipange kuonana na ofisa mchana wa siku ileile. Asiye na nauli ya ndege hupanda treni hadi Ilebo, kisha mashua katika mto Kasai. Hiyo huhesabiwa kwa majuma.

Sasa tazama upande wa mashariki. Kutoka Lubumbashi hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,400 tu angani, pungufu ya safari ya Kinshasa. Ndiyo maana, nadhani, mfanyabiashara wa Katanga huijua Kariakoo kabla hajaiona Gombe. Lakini ramani si ratiba. Ukilazimika kupitia Nairobi, kilomita hizo hufika 2,200 hivi, na muda wa kungoja ndege ya pili unaweza kuzidi muda wa kuruka. Halafu Dar iko saa moja mbele ya Lubumbashi, saa mbili mbele ya Kinshasa.

Wanaokwenda kwa lori hukutana na jambo hilohilo Tunduma. Inapogonga saa mbili asubuhi upande wa Tanzania, ng'ambo ya pili, Nakonde, ni saa moja tu. Aliyewahi kupanga foleni hapo alfajiri akiwa na mzigo wa samaki anajua uzito wa saa hiyo.