Basi la Majini na Roho za Watu

Sisi tupandao daladala za Mpendae twalijua basi la barabarani tu. Huko Marekani magari ya vita yaliyoanza kuundwa mwaka 1942, yaendayo nchi kavu na majini, yaligeuzwa mabasi ya watalii. Mwaka 1999 moja lilizama Arkansas, wakafa watu 13. Wachunguzi wakaonya: paa lawanasa abiria, liondolewe. Wenye mali wengi hawakusikia. Mwaka 2018 jingine likazama Missouri, paa lingalipo; wakafa 17, dereva miongoni mwao.

Nasi mwaka 2011 tuliwazika ndugu zetu wa Spice Islander, meli iliyojazwa kupita kiasi. Ndugu wasomaji, utalii na uje. Lakini faida isitangulie roho ya abiria wala ya mfanyakazi.