Nzige wa jangwani: mdudu mmoja, tabia mbili

Mwenyeji wa Mombasa au Bukoba anayehamia Saudi Arabia huenda akashangaa kumkuta nzige sokoni. Katika mkoa wa Qassim, kaskazini-magharibi mwa Riyadh, mdudu huyo huchemshwa na kuliwa kwa hamu, kama senene wanavyoliwa Kagera na Uganda. Sheria ya Kiislamu inaruhusu aliwe bila kuchinjwa. Tahadhari ni moja tu: aliyepuliziwa dawa ni sumu.

Hata hivyo, maisha yake yanastaajabisha kuliko ladha yake.

Kwa kawaida nzige wa jangwani huishi peke yake. Ana rangi ya udongo, huruka usiku na huwakwepa wenzake. Mvua ikinyesha jangwani, majani huota naye huzaana kwa wingi. Majani yakianza kukauka, wadudu hao husongamana penye kijani kilichobakia, na hapo ndipo wanapogeuka. Kugusanagusana kwa miguu ya nyuma huongeza mwilini kemikali iitwayo serotonini, na katika muda wa saa chache yule mpweke huanza kuwafuata wenzake. Vizazi vinavyofuata hubadilika hata rangi: nzige wachanga wenye mbawa huwa waridi, wakikomaa huwa manjano. Ni Boris Uvarov aliyeeleza mwaka 1921, akichunguza jamii nyingine ya nzige, kwamba wadudu waliodhaniwa kuwa wa aina mbili kumbe ni mmoja.

Jike hutaga mayai katika mchanga wenye unyevu, sentimita 10 hadi 15 chini ya ardhi. Baada ya wiki mbili hivi huanguliwa tunutu, ambao hujivua ngozi mara tano au sita kabla ya kuota mbawa. Kipindi hicho cha kutembea kwa miguu ndicho nafasi bora ya kuwaangamiza. Kundi likisharuka huweza kusafiri kilomita 150 kwa siku, na kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kundi dogo la kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula cha watu 35,000.

Uwanda wa pwani ya Bahari ya Shamu, ulipo mji wa Jeddah, hupata mvua za majira ya baridi na ni miongoni mwa mazalio ya nzige. Kituo cha Saudi Arabia cha kupambana nao kiko mjini humo.

Lakini balaa lililoifikia Afrika Mashariki lilianzia mbali na macho ya watu. Mwaka 2018 vimbunga Mekunu na Luban viliinyeshea Rub' al Khali, jangwa la kusini mwa rasi ya Arabuni lenye wakaazi wachache mno wa kutoa taarifa. Vizazi vitatu vilizaliwa huko. Mwanzoni mwa 2019 makundi yaliingia Yemen, ambako vita vilizuia upuliziaji wa dawa, kisha yakavuka Ghuba ya Aden. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo nzige walikuwa wameingia Kenya, uvamizi mbaya kuliko wowote nchini humo katika miaka 70.