Kinu cha posho na masikio ya msagaji

UKIPITA Daraja Mbili mjini Kisii siku ya soko, utausikia mlio wa kinu cha posho kabla hujakiona chenyewe. Mteja hukaa humo dakika chache, akapata unga wake, akaenda zake. Msagaji hubaki hadi jioni. Huyo ndiye tunayemzungumzia leo, pamoja na jirani anayelala ng'ambo ya ukuta wa mabati.

Kelele ya mashine haileti damu wala maumivu, na hapo ndipo penye hila yake. Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo, zinazopeleka sauti kwenye ubongo. Zikipigwa na kelele miaka nenda miaka rudi, hufa, na zikifa hazioti tena. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea: ndege, mtoto anayeita kutoka jikoni, herufi kama s na f. Mgonjwa hulalamika kwamba siku hizi watu wanameza maneno. Wengine hulala na mlio masikioni kama wa nyenje.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wataalamu huhesabu 85 kwa saa 8 kuwa mwisho wa usalama, na kila zinapoongezeka 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo kwenye 88 ni saa 4; kwenye 100 ni dakika 15 tu!

Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Ikibidi upaze sauti ndipo akusikie, mahali hapo pana hatari.

Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Zikizidi 85, mwajiri lazima awe na mpango wa kuzipunguza. Haya yanavihusu viwanda vya majani chai vya Nyamira sawa na kinu cha mtu mmoja. Jirani naye ana kanuni za mazingira za mwaka 2009: penye maduka na nyumba pamoja, 55 mchana na 35 usiku, na usiku huanza saa mbili. Malalamiko hupelekwa NEMA au kwa serikali ya kaunti, ambayo Katiba ya 2010 iliipa jukumu la kudhibiti kelele.

Watu hukimbilia vizibo vya masikio. (Pamba haisaidii kitu.) Lakini dawa huanzia kwenye mashine. Kaza bolti, badilisha beringi iliyochakaa, iweke injini juu ya zege na mpira mzito, tia sailensa nzima kwenye dizeli. Mabati hutetemeka na kupitisha kelele. Ukuta wa matofali, ambayo Kisii hayakosekani, huizuia vizuri zaidi. Madirisha yaachwe, maana moshi nao huua, ila yaelekee mbali na nyumba za watu. Wasagaji wawili wapokezane.

Masikio yakiziba kila utokapo kazini, hata kama hufunguka asubuhi, nenda hospitali upimwe usikivu. Nenda mapema kabla ya kuwasha kinu, kwani sikio lililotoka kwenye kelele huonyesha ubovu zaidi ya lilio nao.